Kunguru wa Bartholomeo

Kama umewahi kuumwa ukiwa Mlunga, Bartholomeo amekuchoma sindano, na kama amekuchoma sindano, umemtafuta kunguru. Sijui mtu aliyepona hilo. Hata mimi, mwanamke mzima mwenye akili zangu na wajukuu, siku malaria iliponilaza nilikodoa macho juu ya bati kama zuzu, nikimtafuta ndege ambaye hajawahi kuwepo.

Mimi ni Chausiku, wa dirishani. Ukija zahanati yetu ya misheni, sura ya kwanza kuiona ni yangu, na wengi wanasema ndiyo inayowapandisha presha. Baba yangu alikuwa askari magereza Kingolwira, Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa huku kwa uhamisho na hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Kwa hiyo nimezaliwa na mambo mawili: napenda watu wakae kwenye mstari, na Waluguru ni watani zangu. Bartholomeo ni Mluguru asiyeweza kukaa kwenye mstari. Tumefanya kazi pamoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kumwita jina zuri, wala yeye hajaniita mimi.

Ni mtu mkubwa. Mlangoni huingia kwa ubavu, na vifungo vya koti lake jeupe havijawahi kufika kwenye matundu yake. Jumapili anaimba besi kanisani, nasikia mabenchi ya nyuma hutetemeka, mimi sisali huko. Lakini mkononi ana wepesi wa ajabu. Wadhifa wake ni mhudumu tu, si daktari wala muuguzi, ila chumba cha sindano ni chake. Alirithishwa na marehemu Mzee Godfrey, aliyemfundisha kazi, na kunguru pia alikuwa wa Mzee Godfrey.

Kunguru alifanya kazi hivi. Mtoto anaingia akilia, kamshika mama yake sketi. Bartholomeo anashtuka, anaelekeza kidole juu na kusema, "Eh! Ona kunguru yule!" Mtoto anainua macho. Akiyashusha, pamba iko begani na Bartholomeo ameshaita anayefuata. Kwa watu wazima kunguru alikuja kwa sura nyingine. Mwanaume aliulizwa bei ya kabichi sokoni Morogoro. Mwanamke aliulizwa habari za mkwe wake, na hapo angeweza kuchomwa hata mara tatu asijue. Paroko aliulizwa kama mbinguni kutakuwa na mvua.

Hakuna aliyeambiwa kwamba anachomwa sasa, wala anachomwa nini, wala kama anakubali. Nilimuuliza siku moja mbona hawaambii watu. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Wewe Mnyamwezi, mtu ametoka kule juu kwa miguu, ameshuka mabonde, amevuka mto, amekaa kwenye benchi lako la mbao akitukanwa na wewe. Amekuja kunitazama sura? Huyo amekubali tangu alipofunga mlango wa nyumba yake."

Nikarudi dirishani kuendelea kutukana.

Sasa mwaka juzi, masika yalipoanza, Sista Veronika akatuita baada ya sala ya asubuhi. Sista ndiye mkuu wa zahanati, muuguzi aliyesoma, Mchaga wa Rombo, mwembamba, na akikasirika haongezi sauti, anaipunguza. Siku hiyo alizungumza kwa sauti ya kawaida, tukajua ni jambo la kawaida. Bodi yetu imeamua, akasema, kwamba kila mfanyakazi anayegusa damu ya mtu atapimwa homa ya ini, na akikutwa salama atachanjwa. Asiyetaka hatafukuzwa kazi. Lakini masika yakiisha hajachanjwa, anatoka chumba cha sindano anahamia getini.

Ni lazima uelewe getini kwetu ni nini. Zahanati haina wezi. Ina mbuzi. Mlinzi wa geti kazi yake toka asubuhi hadi jioni ni kufukuza mbuzi wasile maua ya Mama Maria.

Mimi nilichanjwa siku ileile. Sigusi damu, nagusa kadi, lakini nilitaka nipate haki ya kuwasema wengine. Bartholomeo yeye alichukua fomu, akavaa miwani, akaisoma taratibu.

"Sista, hapa pameandikwa, nimeelezwa, nimeelewa, na nimekubali kwa hiari yangu."

"Ndiyo."

"Na nisipokubali?"

"Utahamia getini."

"Kwa hiyo nakubali kwa hiari yangu, la sivyo mbuzi."

Sista alifikiri kidogo. Ni mtu mkweli, hilo nampa. "Ndiyo, Bartholomeo. Ni hivyo."

"Basi kwanza nielezwe," akasema Bartholomeo, akaikunja fomu na kuitia mfukoni. "Ni haki yangu kuelezwa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mtu aliyewachoma watu wa kata nzima huku akiwaonyesha kunguru, leo anajua haki ya kuelezwa!

Na alielezwa. Kila asubuhi alikuja na swali jipya, utafikiri alikesha akiyatunga. Chanjo imetengenezwa wapi? Imesafiri na nani? Umeme ulipokatika, friji ilikuwa inafanya nini? Je, mtu anayeimba besi inaweza kumpandisha sauti akaimba tenori? Je, mtu akichanjwa Ijumaa, Jumamosi anaweza kunywa togwa? Na kama togwa imekaa siku kadhaa ikawa si togwa tena? Sista alijibu yote, hata la togwa, bila kukunja uso. Alimchorea ini kwenye karatasi. Alimwonyesha kipimo cha joto cha friji. Mimi nilisikiliza kupitia dirisha langu, damu ikinichemka, maana wakati huo benchi lilikuwa limejaa wagonjwa.

Tulijua sote anaogopa sindano. Ilikuwa furaha ya zahanati. Ile chanjo ya korona ilipokuja miaka ile, Serikali ilisema ni hiari, naye akatangaza kwamba yeye ni mtu anayeheshimu sana hiari, akaiheshimu mpaka ikaisha. Wagonjwa walianza kumtania wenyewe. "Bartholomeo, umemwona kunguru?" Anacheka nao, lakini nilimwona mara nyingine, baada ya wagonjwa kuisha, amekaa kwenye kiti chake cha sindano akitazama sakafu.

Maswali yalipokwisha akaleta ukoo.

"Sista," akasema, "mimi mwili huu si wangu peke yangu. Kwetu jambo la namna hii, ukoo lazima useme."

Mtu mwingine angemwambia aache upuuzi. Sista hakuweza, na Bartholomeo alijua hawezi. Ardhi ile ya zahanati, kuanzia geti hadi kisima, ilitolewa na ukoo wa Bartholomeo enzi za wamisionari, na kila paroko na kila sista akifika Mlunga anaambiwa asiwaudhi watu wale. Sista akapunguza sauti, kisha akaipandisha tena. "Vyema. Tutausikiliza ukoo."

Na hapo ndipo Sista wetu alipoteleza, na aliteleza vizuri. Hakumuuliza mtu. Alimtuma mpishi kumwita baba mdogo wa Bartholomeo, mzee anayekaa chini kidogo ya misheni. Mzee alikuja na koti la Jumapili. Akapikiwa wali kwa kuku. Akaelezwa habari za ini kwa kirefu huku akitafuna paja. Akakubali kwa moyo wote. Alikubali chanjo, akakubali kupimwa, akakubali hata mambo ambayo hakuulizwa, kama vile kukarabatiwa kwa kisima. Mwisho akasali sala ndefu, akafungiwa kuku aliyebaki, na Bartholomeo akamsindikiza kwa heshima zote mpaka barabarani.

Akarudi. "Sista, mzee yule ni mtu mzuri sana."

"Nashukuru. Basi tuendelee."

"Ila si wa ukoo wangu."

"Bartholomeo! Si ni mdogo wake baba yako?"

"Ndiyo maana, Sista."

Nilicheka mpaka nikalazimika kufunga dirisha. Kwao Sista, Rombo, mtoto ni wa baba, kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni cha baba, na baba mdogo ni baba. Huku Uluguru mtoto ni wa mama yake. Shamba ni la ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba, kaka wa mama. Baba anapendwa, anapikiwa, anazikwa vizuri. Lakini akitaka kuamua jambo la ukoo wa mkewe, anatazamwa kama mgeni aliyeingia jikoni na kufunua sufuria. Kuku wa watu alikuwa ameliwa bure.

"Basi mjomba wako yuko wapi?" Sista aliuliza, na safari hii sauti ilikuwa imeshuka chini kabisa.

"Yuko juu," Bartholomeo akasema, akaonyesha mlima. "Anaitwa Kasiani."

Baadaye alinivuta pembeni. Mimi ni mtani wake, siri zake huwa ananipa mimi ili nimtukane nazo. "Umekwisha mchezo," akaninong'oneza. "Kasiani hawezi kukubali. Yule tangu utoto akiona koti jeupe anakatiza kwenye shamba la mtu. Akisema hapana, nimekataa mimi? Ukoo ndio umekataa. Sista hawezi kunitoa chumbani kwa kosa la ukoo."

Nikamwambia ana akili nyingi kuliko uso wake. Lakini sikulala vizuri usiku ule, maana nilianza kujiuliza: mtu mzima anayeandaa vita kubwa namna hii, kweli ni kwa ajili ya sindano?

Tulipanda siku iliyofuata, Sista, Bartholomeo na mimi. Sista alinichukua niwe shahidi. Milima ile inapandwa na watu waliozaliwa na magoti ya mbuzi, na mimi nimezaliwa Kingolwira, tambarare, mahali Mungu alipoumba ardhi kwa ajili ya binadamu. Sista alipanda akisali rozari. Bartholomeo alipanda akipiga mluzi. Mimi nilipanda nikiwalaani wote wawili, na nilipokosa pumzi niliwalaani kimoyomoyo. Wanawake walitupita wakiteremka na matenga ya njegere kichwani, wakatusalimia, wakauliza nani amekufa.

Tulimkuta Kasiani kijitoni, chini ya shamba lake la matuta ya ngazi, akiosha karoti. Alikuwa amezijaza kwenye gunia, ameingia majini, anazisugua kwa miguu kama mtu anayecheza ngoma. Alikuwa amevaa jezi ya mpira. Masikioni ana waya za simu. Alipotuona akatoa waya moja.

Na Bartholomeo, mwenye mvi kichwa kizima, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umepotea kinoma."

Sista alinitazama. Nikamweleza kwa macho kwamba ndiyo hivyo. Mama yake Bartholomeo alikuwa kifungua mimba, Kasiani ni kitinda mimba wa bibi yuleyule, na Bartholomeo alikuwa ameshaanza kuota ndevu mjomba wake alipozaliwa. Wajomba wakubwa wamekufa mmojammoja, na sasa neno la ukoo limemwangukia kijana huyu aliyekaa mjini miaka akiuza mboga kabla ya kurudi mlimani. Si hadithi ya ajabu huku. Mjomba ni mjomba hata akiwa ananyonya.

Kasiani alitukalisha juu ya magunia ya karoti, akatoka majini, akakaa kwenye jiwe. Mguu wake mmoja bado ulikuwa na karoti iliyokwama kati ya vidole. Bartholomeo akaeleza. Alieleza vizuri mno, kwa huzuni, akisisitiza sindano, ukubwa wa sindano, na kwamba si moja, ni tatu, zinapishana kwa miezi. Nikaona anamwekea mjomba wake jibu mdomoni.

Kasiani hakulichukua. Akamgeukia Sista.

"Shikamoo Sista. Nieleze wewe. Hiyo homa inampataje?"

Sista akamweleza. Damu ya mgonjwa, sindano ikimteleza mtu mkononi, mdudu anaingia, anakaa kimya miaka, anakula ini.

"Na chanjo ikishaingia?"

"Mdudu akija anakuta mlango umefungwa. Mkono unaweza kuvimba kidogo, mwili unaweza kupata homa siku moja. Kwa watu wengi ni hayo tu."

"Na akigoma?"

"Hatumfukuzi. Mshahara wake haupungui. Ila hatashika sindano tena."

"Kwa hiyo si lazima, ila ni lazima."

"Mkono ni wake, Kasiani," Sista akasema. "Siwezi kuushika kwa nguvu, na sitafanya hivyo. Lakini kile chumba si chake wala si changu. Mtoto wa mtu akiingia mle, mama yake haulizwi kama anakubali mhudumu asiyechanjwa. Lazima nimuulizie mimi."

Kasiani akaichomoa ile karoti vidoleni. Bartholomeo alikuwa anamtazama kwa matumaini makubwa.

"Mpwa," Kasiani akasema, "unamkumbuka yule kunguru?"

Uso wa Bartholomeo ukabadilika.

"Nilikuwa mdogo hivi. Mama kanileta, nimekanyaga jembe. Ukaniambia ona kunguru. Nikaona sindano imeshaingia. Oya, mimi nilijua umenichoma kwa sababu nimemtazama kunguru! Nilirudi nyumbani nikawa siinui macho. Miaka! Watoto wenzangu wanatazama ndege, mimi natazama chini. Hata leo mjini nikisikia kunguru analia, mkono unauma." Akajishika bega. "Wewe hukuniuliza. Ungeniuliza ningekataa, sawa, ningelia. Lakini ningejua nalia nini."

Mimi ningekuwa na mengi ya kusema, lakini Sista alinikanyaga mguu.

"Sasa mimi nakuuliza," Kasiani akaendelea, na lugha ya mjini ilikuwa imemtoka yote. "Sindano unazo chumbani kwako tangu mimi mtoto. Huogopi sindano wewe. Unaogopa nini?"

Kijito kilikuwa kinapiga kelele, lakini tulimsikia, maana ile besi haiwezi kunong'ona.

"Wanapima kwanza," Bartholomeo akasema.

Kisha akasema yote. Zamani, yeye na Mzee Godfrey, sindano zilikuwa zinachemshwa na kutumika tena. Zilikuwa zinateleza. Zilimchoma vidoleni mara nyingi, hakuna aliyejali, walifuta kwa spiriti wakaendelea. Kisha Mzee Godfrey macho yakawa ya njano. Tumbo likavimba mpaka koti halifungi. Watu wakasema amerogwa, na Bartholomeo ndiye aliyemwosha, na alijua hakurogwa. "Toka siku ile," akasema, "kila asubuhi natazama macho yangu kwenye kioo cha kunyolea. Yakiwa meupe, naenda kazini. Sasa Sista anataka kuniambia. Mimi sitaki kuambiwa. Mkinipima mkanikuta nalo, sirudi tena mle chumbani, na nikitoka mle mimi ni nani?"

Kumbe maswali yale yote, ya friji na togwa, alikuwa anauliza kila kitu ili asifike kwenye jambo moja asilotaka kulijua. Niliona aibu kwa vicheko vyangu vya dirishani. Koti lake halifungi vifungo, na mimi nilimtania miaka yote kwamba ni ugali, kumbe yeye kila akilitazama anamwona Godfrey. Machozi yalinitoka. Nilisingizia kupanda mlima.

"Mjomba, sema," Bartholomeo akamwomba. "Ukisema hapana, basi."

Kasiani akasimama. Maji yalikuwa bado yanamtiririka miguuni.

"Shamba la ukoo nitalisemea. Msiba nitausemea. Posa za watoto wa dada zako nitazisemea. Huo mkono, mpwa wangu, siusemei. Ukoo unasema ujibu mwenyewe." Kisha akafunga gunia lake la karoti. "Ila hushuki peke yako."

Kesho yake ilikuwa siku ya gari la mboga kwenda mjini, na karoti zilizooshwa hazisubiri. Akamwachia jirani, akavua waya za masikioni, akatangulia mbele yetu kushuka.

Njiani hakuna aliyemtania mwenzake, hata mimi. Bartholomeo hakupiga mluzi. Tulipofika mahali ambapo bati la zahanati linaonekana, akasimama kidogo, tukasimama naye. Hakuna aliyemsukuma. Kisha akaendelea.

Sista akamkalisha Bartholomeo kwenye kiti kilekile anachokalishia watu. Akamweleza upya, kana kwamba hajawahi kumweleza: nitakutoboa kidole, tutasubiri, jibu likiwa baya nitakwambia ni baya, kuna dawa, kuna hospitali ya mkoa, nitakwenda nawe. Jibu likiwa zuri nitakuuliza tena kuhusu chanjo, na bado unaweza kukataa. Unakubali nikupime?

"Nakubali," akasema, kwa sauti aliyoitumia, naamini, siku ya ndoa yake.

Kidole kilipotobolewa hakupepesa macho. Kusubiri ndiko kulikomuua. Kasiani alikuwa amejibanza ukutani, mbali na koti jeupe la Sista, akisokota jezi yake. Mimi nilikuwa mlangoni, nimelitelekeza dirisha langu na wagonjwa wakapanga mstari wenyewe, jambo ambalo sijawasamehe, maana limeonyesha kwamba wanaweza.

Sista akakiangalia kipimo. Akakiangalia tena kwenye mwanga wa dirisha. Akamletea Bartholomeo akione mwenyewe.

"Huna," akasema.

Bartholomeo akakitazama kile kipande cha plastiki muda mrefu.

"Sasa nakuuliza kuhusu chanjo," Sista akasema. "Unakubali?"

Akatikisa kichwa kukubali. Sista akasema hapana, nataka kusikia. "Nakubali," akasema. Akakunja mkono wa shati. Sista akamwambia napaka spiriti, sasa nachoma. Hapo Kasiani, kutoka ukutani, akanyoosha kidole juu:

"Mpwa! Ona kunguru!"

Na Bartholomeo, mwenye kunguru wake mwenyewe, aliyewadanganya watoto mpaka wakazaa watoto, akainua macho juu ya bati.

Alipoyashusha sindano ilikuwa imetoka, na ndipo alipoanza kulia. Hakulia kidogo. Alilia kwa besi. Kwenye benchi nje mtu akaanza kusali sala ya marehemu. Nilitoka kuwatuliza, nikawaambia si msiba, ni Bartholomeo amechanjwa, na hilo liliwashtua zaidi. Ndani, Kasiani alikuwa amemshika mpwa wake kichwa, amekiegemeza tumboni mwake kwenye jezi yenye matope ya karoti, anamwambia basi, basi.

Kabla Kasiani hajaondoka, Sista alimuuliza kama na yeye angependa kupimwa. Akaitazama trei ya sindano. "Mimi bado nafikiria, Sista." Sista akasema vizuri, ukiwa tayari njoo. Hakuna aliyemsukuma naye, akapanda mlima wake.

Tangu siku hiyo kazi yangu imeharibika. Bartholomeo anaeleza! Anamweleza kila mtu kila kitu. Bibi amekuja kuchomwa dawa ya malaria, anaambiwa inaitwaje, inakwenda wapi mwilini, itamfanya nini, ana swali? Na bibi ana maswali, ana mengine hata ya shamba. Mstari unafika getini, kwenye mbuzi. Nimemwambia atatuua. Ananijibu kwamba mimi dirishani nimeshazoea kuwatukana watu bila idhini yao.

Juzi aliletwa mtoto, Angelina, wa darasa la kwanza, amekanyaga msumari. Mama yake ameshaelezwa, ameshakubali, anamwangalia Bartholomeo kwa hasira kwamba kwani nimekuja kufanya nini. Bartholomeo akachuchumaa, goti likalia, akawa uso kwa uso na mtoto.

"Angelina, hii ni sindano ya kuzuia pepopunda. Nataka kukuchoma hapa."

"Sitaki."

Mama akainua kofi. Bartholomeo akamzuia kwa mkono, akabaki amechuchumaa. Mimi nilikuwa nimeshika kadi na hasira zangu zote.

"Bibi alisema utaniambia kuna kunguru," mtoto akasema, bila kuinua macho.

"Hakuna kunguru. Kuna sindano, na itauma."

Angelina akafikiri. "Wewe ulichomwa?"

Akamwonyesha bega. "Hapa."

"Ulilia?"

Jamani, watu wote pale nje walimsikia akilia siku ile, lakini tangu hapo hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake. Mwanaume mzima, tena Mluguru, tena besi. Niliacha kuandika.

"Nililia," Bartholomeo akasema.

"Sana?"

"Muulize yule mama mkali wa dirishani."

Mtoto akanigeukia. Nilijua kilichomliza hakikuwa sindano, lakini hilo halikuwa langu la kumwambia mtoto. "Sana," nikasema. "Mpaka mbuzi wakakimbia wenyewe."

Angelina akamtazama Bartholomeo kwa muda, kisha akamnyooshea mkono. Bartholomeo akamwambia sasa napaka, sasa nachoma. Mtoto akaiangalia sindano ikiingia, akalia kwa sauti ya kuamsha kijiji kizima, na mkono hakuuvuta.